Pumzi Nyuma ya Mlango

Miaka thelathini Varvara alipiga chapa katika mahakama ya mji wa Bârlad, na miaka yote hiyo hakuwahi kuandika kimya. Shahidi akinyamaza, hakimu alimtupia jicho juu ya miwani, naye akaandika "shahidi hakujibu", kesi ikasonga mbele. Haya, mtu umestaafu, magoti yanakulilia, unataka ukae kwa amani na chungu chako cha maharage ya mfungo wa Pasaka, halafu binti uliyemzaa mwenyewe anakuwekea kompyuta mezani na kukwambia kwamba kimya nacho kina urefu, na kiandikwe kwa sekunde.

"Sekunde," Varvara alirudia.

"Sekunde, Mama. Akikohoa, andika amekohoa. Akicheka, andika amecheka namna gani."

"Mtu hucheka kwa mdomo, Smaranda. Kuna namna nyingine?"

"Akicheka bila furaha utamjua."

Varvara alivaa hedifoni. Kumjua angemjua, hilo halikuwa na shida.

Smaranda alikuwa anamalizia tasnifu ya udaktari wa saikolojia. Alikuwa amewahoji wanawake ishirini wa vijiji vya jirani, waliorudi kutoka Italia baada ya miaka mingi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Kazi ilitakiwa baada ya Pasaka, naye mchana anafundisha, kwa hiyo kunukuu mahojiano kukamwangukia mama mtu. Malipo Varvara aliyakataa. Alisema vidole vyake bado vinataka kazi, lakini ukweli ni kwamba tangu Neculai, mumewe, alipofariki miaka mitatu iliyopita, nyumba ilikuwa na nafasi nyingi kuliko alivyoweza kuijaza peke yake.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya nne, na ndani haikuwa na mlango hata mmoja. Jikoni hakuna, vyumbani hakuna, msalani palining'inia pazia. Wiki moja baada ya mazishi Varvara alichukua bisibisi, akaing'oa milango yote, akaishusha stoo ya chini mmoja mmoja, magoti yake hayo hayo. Majirani walisema uchungu umempanda kichwani. Smaranda aliambiwa ni ili nyumba ipate mwanga, naye akaamini, maana mwanga kweli uliingia.

"Hebu nieleze tena hiyo kazi yako," Varvara alimwambia jioni moja, mikono imezama kwenye sinki. "Jirani ananiuliza, mimi nababaika."

"Wenzangu wanagawa fomu, Mama. Mtu anaulizwa ana huzuni kiasi gani, moja mpaka tano, anatia alama. Mimi sihesabu, nasikiliza. Sauti moja naisikiliza mara nne. Mara ya kwanza nafuata kisa, na msikilizaji anaandika pembeni kinachompata yeye mwenyewe akisikia. Mara ya pili nasikiliza mwanamke anavyojisema. Ya tatu na ya nne nasikiliza zile sauti zinazogombana ndani yake."

"Na huo ufeministi wanaotukaniana kwenye televisheni uko wapi hapo?"

"Ndio huo huo. Miaka mia watu wa saikolojia wamewaandika wanawake kama wagonjwa au walalamishi. Sisi tunauliza, nani alikuwa na nafasi ya kusema? Nani alikuwa anamsikiliza? Halafu maneno ni ya mwenyewe. Hatuchoti tukaondoka zetu. Tunampelekea maandishi nyumbani, asome, asahihishe, akate asichokitaka."

"Na vyombo ataosha nani, nadharia?"

"Nadharia inasema tuoshe wote."

"Kusema inajua," Varvara alisema, akamrushia kitambaa.

Ile sehemu ya pembeni, upande wa kulia wa ukurasa, Varvara aliiacha tupu kwa wanawake sita mfululizo. Smaranda alimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba mpiga chapa hana pembeni, na kama angekuwa nayo mahakamani wangemfukuza kazi siku ya kwanza.

Mwanamke wa saba alikuwa Tudora, wa kijiji cha Teiusani. Kwenye kitabu angeitwa jina jingine alilolichagua mwenyewe, lakini kwenye kinasa sauti alikuwa Tudora, mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye sauti nene, tulivu, ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa. Varvara alimpenda tangu dakika ya kwanza.

Tudora alisimulia miaka yake kumi na mmoja kwa bibi mmoja wa Kiitaliano, alivyomgeuza kitandani, alivyomchana nywele, alivyomfunga kidevu alipokata roho. Alisimulia kwamba siku ya kwanza kule alilala kwa saa kumi na nne, na alipoamka hakuna aliyemuuliza alikuwa anaota nini. Alicheka hapo. Varvara aliandika: (anacheka, bila furaha). Kisha Tudora akashusha sauti. Alisema amerudi msimu wa mavuno kwa sababu mumewe, Costache, aliandika kwamba imetosha. Lakini binti wa yule bibi amemwekea chumba. Baada ya Pasaka ataondoka, wala hatasema. Atasema anakwenda sokoni Bârlad, na safari hii hatarudi, kwa sababu katika nyumba hii, alisema, mtu hawezi hata kuwaza bila...

Hapo ubao wa sakafu ulilia, mahali fulani, mara moja. Ilikuwa dakika ya thelathini na moja.

Tudora alinyamaza. Smaranda naye alinyamaza, maana ndivyo alivyofundishwa, mwanamke akinyamaza usimrukie na swali. Varvara aliziba hedifoni kwa viganja, akahesabu. Friji ilinguruma ikatulia. Kulikuwa na pumzi. Zilipita dakika nne nzima, pumzi inakwenda na kurudi, kisha Tudora akaongea tena, na sauti ilikuwa ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Mume wangu ni mtu mwema. Nyumba hii ameijenga kwa mikono yake. Sina la kulalamika, namshukuru Mungu."

Varvara aliandika: (kimya, sekunde 240, pumzi). Aligeuka kutazama nyuma yake. Palikuwa na uwazi wa mlango usio na mlango, na ukumbi mtupu, na makoti yametundikwa.

Jumatatu Smaranda alichapisha maandishi ya wanawake saba wa kwanza, akatia kila moja kwenye bahasha na barua fupi yenye heshima: haya ni maneno yako, soma, sahihisha, kata chochote usichokubaliana nacho. Akazipeleka posta. Alizituma kwa rejista, za kusainiwa, zisije zikapotea njiani.

Jumatano asubuhi Varvara alikuwa peke yake. Smaranda alikwenda kufundisha, na utaratibu ulidai usikilizaji wa pili. Alipofika dakika ya thelathini na moja, alifumba macho.

Pumzi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Tudora, karibu, fupi, ya mtu anayemeza mate. Ya pili ilikuwa mbali kidogo, nzito, imepita kwenye mbao. Ilikuwa ya puani, na mwishoni ilikuwa na filimbi ndogo. Haikuwa na haraka. Mtu huyo alikuwa amesimama karibu sana na mlango, uso wake umeelekea mlangoni, na alikuwa na muda wote wa dunia.

Varvara alivua hedifoni akaziweka mezani. Pumzi ikaendelea.

Aliisikia pale pale jikoni, nzito, inakwenda na kurudi. Hakugeuka. Alikaa hivyo, viganja juu ya kitambaa cha meza, mpaka akili ilipomrudia, akabana pumzi zake mwenyewe, na jikoni kukawa kimya. Ilikuwa yeye. Alikuwa anapumua pamoja na yule mtu, kwa mwendo wake, kama alivyokuwa amezoea kufanya zamani ili asisikike.

Akashika kompyuta, na katika ile sehemu ya pembeni iliyokaa tupu kwa wanawake sita, akaandika: Huyu namjua.

Smaranda aliporudi kuchukua vitabu vyake saa tatu unusu, aliyaona maneno hayo kwenye kioo cha kompyuta kabla hajavua koti.

"Unamjua nani, Mama?"

"Anayesimama. Siku ile kule Teiusani, nani alikuwa ndani ya nyumba?"

"Hakuna. Mumewe alinipokea vizuri tu, muungwana, akaniletea maji na jamu ya cheri. Akasema anakwenda kulisha nguruwe, akafunga mlango taratibu."

"Taratibu."

"Taratibu, ndiyo."

"Ukasikia hatua zake zikienda?"

Smaranda alivuta kiti, akavaa hedifoni, na Varvara akamwangalia usoni wakati dakika nne zinapita. Alimuona anakunja uso, anasogeza sauti juu, kisha anaacha kutafuta. Alipozivua hedifoni alikuwa amepauka.

"Nilikuwa nimekaa pale pale," alisema. "Nilidhani anakusanya mawazo. Mimi nikaandika kwenye daftari, ukimya wenye maana."

"Maana ulikuwa nayo."

"Wewe umejuaje?"

Varvara aliinuka, akazima jiko, maharage yalikuwa yanashika chini. Aliongea akiwa amempa mgongo.

"Baba yako hakunipiga hata siku moja. Hebu fikiria ningesimama mahakamani kwetu, mbele ya hakimu yule yule, niseme nini? Mheshimiwa, mume wangu anasimama? Nikiongea na dada yangu kwa simu, anasimama nyuma ya mlango. Nikisali, anasimama. Wewe ulipokuwa mdogo nikikuimbia, anasimama. Halafu mezani anatoa neno moja, moja tu katika yale niliyosema, analiweka kati ya chumvi na mkate, anaendelea kula. Sikujua amesikia mengine mangapi. Miaka ishirini na minane, Smaranda. Mwishowe nikawa siongei hata nikiwa peke yangu."

"Nilikuwa humu humu ndani."

"Ulikuwa unasoma. Mimi ndiye niliyekwambia usome."

"Na milango..."

"Niling'oa, ndiyo. Na bado namsikia."

Smaranda alilia, tena si kwa ustaarabu, alilia na kamasi. Mtu aliyesafiri vijiji kumi na saba kusikiliza wanawake, alikuwa ameruka mmoja wa jikoni kwao. Varvara alimwacha kidogo, kisha akamwekea mkono begani, na ndipo jambo jingine likamjia.

"Zile karatasi ziko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Za Tudora. Imeandikwa pale kwamba ataondoka. Imeandikwa na siku."

Smaranda alimtazama mama yake. "Nimemrudishia maneno yake," alisema, na alivyolisikia jambo hilo likitoka mdomoni mwake mwenyewe, akashika kichwa.

Simu ya Tudora ilikuwa simu ya Costache. Namba ilikuwepo, wa kupigiwa hakuwepo.

Posta, karani wa kike mwenye sweta ya kijani aliwasikiliza huku anakunywa kahawa yake. Smaranda alieleza mara mbili, Varvara mara ya tatu.

"Barua ikishagongwa muhuri si yako tena, dada. Ni ya aliyeandikiwa," karani alisema.

"Ndiyo maana tunakuja," Smaranda alisema. "Isije ikafika kwa mwingine."

"Wewe ni mwanasheria?"

"Ni mwanasaikolojia."

"Ahaa," karani alisema, akamtazama mwanamke wa nyuma kwenye foleni, wakatabasamu wote wawili. "Basi tulia, usije ukahitaji mwenzio." Watu wa foleni walicheka. Varvara aliona masikio ya bintiye yakiiva. Angependa kumjibu yule mwanamke neno, lakini alimhitaji, kwa hiyo alimwita mwanangu, akamwomba kwa sauti ya chini atazame tu daftari lake. Karani alifungua daftari bila haraka, akateremsha kidole.

"Teiusani. Imepokelewa jana saa saba mchana. Imesainiwa."

"Na nani?"

Aliligeuza daftari waone. Sahihi ilikuwa ya herufi zilizosimama wima, safi, moja moja, kama za mwanafunzi mzuri. C, halafu jina la ukoo lote, hadi herufi ya mwisho.

Walipanda basi la saa tano. Theluji ilikuwa imebaki kwenye mifereji tu, na mashamba yalikuwa meusi. Smaranda aliuliza mara moja kama wangepita polisi kwanza, Varvara akamuuliza wangesema nini. Mtu amesoma barua? Mtu amesimama nyumbani kwake mwenyewe? Alikaa miaka thelathini mahali yanapoandikwa mambo ya aina hiyo, alijua yanavyoandikwa.

Costache alikuwa amesimama getini. Hakuwa anafanya lolote, wala hakuwa na chombo mkononi, alikuwa anatazama barabara tu. Alikuwa mtu mdogo, msafi, seremala mstaafu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu.

"Karibuni," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini hata ukalazimika kumsogelea. "Nilisema watakuja leo au kesho. Huyu bila shaka ni mama."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Smaranda ana mama.

Aliwatanguliza ndani, akafunga mlango nyuma yao, na Varvara akausikia ulivyofungwa, polepole, ulimi wa kitasa ukiingia bila kugonga. Meza ilikuwa imeandaliwa. Kulikuwa na ugali wa moto, maharage, kabichi iliyochachuka, na sahani nne. Tudora alikuwa amesimama karibu na jiko na aproni yake. Varvara aliyejua kila pumzi ya mwanamke huyo alikuwa hajawahi kumuona. Alikuwa mrefu, uso mpana, na alipowapa mkono aliangalia chini.

"Shikamoo, mama," alimwambia Varvara, na haikuwa ile sauti nene. Ilikuwa ile ya matangazo ya kanisani.

Karatasi zilikuwa mezani, zimepangwa pembe kwa pembe, na juu yake penseli bapa ya seremala na rula.

"Kuleni kwanza," Costache alisema. Hawakula. Yeye alikula, vijiko vitatu, akafuta mdomo. "Barua ilisema tusome, tusahihishe, tukate tusichokubaliana nacho. Barua nzuri. Sijawahi kuona watu wa serikali wanaandika kwa adabu namna ile. Tumesoma, tumesahihisha."

"Barua ilikuwa ya dada Tudora," Smaranda alisema.

"Na mimi ni mpita njia?" Aliuliza kwa upole kabisa. "Kuna neno moja tu halikunielea. Ukurasa wa kumi na mbili. Pameandikwa 'pumzi'. Nani kaandika hilo?"

"Mimi," Varvara alisema.

Costache alimgeukia. Alimtazama kwa muda, na katika muda huo Varvara aliisikia ile pumzi, ya puani, na ile filimbi mwishoni.

"Una masikio, mama."

"Nilikuwa mpiga chapa wa mahakama."

"Basi unajua kitu kikiandikwa vibaya kinavyoumiza watu."

"Najua."

Akazigeuza karatasi ili wazione. Karibu kila mstari ulikuwa umekatwa kwa rula, mstari mnyoofu wa penseli juu ya maneno, ukurasa baada ya ukurasa, kazi ya usiku kucha. Hakuwa amefuta, maneno yote yalisomeka chini yake. Katika kurasa kumi na tisa yalikuwa yamebaki mambo matano: umri wake, idadi ya miaka kule Italia, mume mwema, nyumba iliyojengwa kwa mikono, na Mungu.

"Sasa mtasema Costache kamlazimisha," alisema. "Nawajua. Kwa hiyo atasoma mwenyewe, kwa mdomo wake. Washa hicho chombo chako, binti. Kiandikwe vizuri safari hii."

Smaranda alimtazama Tudora, siyo Costache. "Dada Tudora, si lazima. Tunaweza kuzichana zote sasa hivi."

"Washa," Costache alisema.

"Washa, mwanangu," Tudora alisema.

Taa ndogo nyekundu iliwaka. Tudora alifuta mikono kwenye aproni, akachukua karatasi, akaweka kidole kwenye mstari kama wafanyavyo watu walioacha shule mapema. Alisoma umri wake. Alisoma miaka kumi na mmoja. Kisha akasoma, "Siku ya kwanza nililala kwa saa kumi na nne, na nilipoamka hakuna aliyeniuliza nilikuwa naota nini."

"Umekosea mstari," Costache alisema.

"Sijakosea."

"Hiyo imekatwa. Zilizokatwa husomi."

Tudora alihamisha kidole mstari wa chini yake, nao umekatwa, akausoma. Akasoma unaofuata. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, inakwama kwenye maneno marefu, lakini kadiri alivyokwenda ilinenepa, mpaka ikawa ile aliyoijua Varvara, ya mtu anayeongea na mgonjwa ambaye haogopwi. Alisoma kidevu cha yule bibi. Alisoma alivyocheka bila furaha, akasoma hata yale maneno ya kwenye mabano. Costache hakunyanyua mkono wala sauti. Alikaa wima kwenye kiti, na pumzi yake ikawa inasikika chumba kizima, inazidi kuwa ya haraka, filimbi juu ya filimbi, na mtu ungedhani kuna watu wengi mle ndani wanaopumua, wamesimama kwenye kila pembe.

"Nimewekewa chumba," Tudora alisoma. "Baada ya Pasaka nitaondoka, wala sitasema. Nitasema nakwenda sokoni." Hapo akainua uso. Alimtazama Smaranda. "Mliniandikia nisahihishe. Hapa nasahihisha. Siyo baada ya Pasaka. Ni leo."

Smaranda alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Costache aliinuka. Alisukuma kiti chake chini ya meza, pembe kwa pembe. "Nakwenda kulisha nguruwe," alisema. Akatoka chumbani, akafunga mlango taratibu nyuma yake.

Wanawake watatu walisikiliza. Mlango ulikuwa mmoja, wa mbao nene, aliuchonga mwenyewe. Hawakusikia hatua. Hawakusikia mlango wa nje, wala ndoo, wala nguruwe. Tudora alikuwa ameshavaa koti juu ya aproni, pasipoti alikuwa nayo mfukoni tangu asubuhi, lakini alikuwa amesimama katikati ya chumba kama aliyepigwa misumari, macho yameganda kwenye kitasa. Midomo yake ilikuwa inajiandaa kusema mume wangu ni mtu mwema. Varvara aliliona neno linakuja.

Sijui alipata wapi miguu. Yeye mwenyewe baadaye hakujua. Alivuka chumba, akashika kitasa, akaufungua mlango wote hadi ukagonga ukuta.

Alikuwa pale, hatua moja haijafika, uso umeelekea mlangoni, mikono imening'inia. Karibu hivyo hakuonekana mbaya. Alionekana kama mtoto aliyekutwa anakojoa pembeni.

"Nakusikia," Varvara alimwambia, na sauti yake haikupanda. "Nakusikia unapumua, mwanaume. Nimekusikia siku zote, kila siku uliposimama. Nilijifanya sikusikii ili usione haya, haya nikabaki nayo mimi. Sasa toka mlangoni, tunapita."

Costache alirudi nyuma. Kisigino chake kiligonga ndoo ya majivu, ndoo ikapinduka, ikabingirika ukumbini kwa kelele kubwa. Walipita. Varvara alimshika Tudora mkono, Smaranda akaja nyuma na karatasi na kinasa sauti kifuani. Uani hawakukimbia. Getini hawakugeuka. Aliwafuata hadi barabarani, akasimama upande wa pili wa lami, mbele ya uzio wa jirani, na muda wote waliosubiri basi, dakika arobaini na kitu, hakusema wala hakuondoka.

Basi lilipokuja Tudora alikaa dirishani upande wa mbali, akafunga macho. Mikono yake ilikuwa na unga wa mahindi bado. Smaranda alikaa karibu na mama yake. Walikuwa wameshapita kanisa la mwisho la Teiusani aliponong'ona.

"Mama. Yale maneno uliyomwambia Costache."

"Costache simjui," Varvara alisema. "Yale yalikuwa ya baba yako. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama."